Jicho la Bi Mize

Watu wa Matutani wakikwambia wamelala, usidhani walijinyoosha kitandani wakakoroma mpaka alfajiri. Walilala miaka minne. Walilala chini ya udongo, kila mtu na tuta lake, na juu yao likapita jua ambalo lingemkausha mate hata dalali. Kisha mvua ikagonga. Matuta yakaanza kupasuka moja moja, na watu wakatoka wakijikung'uta udongo masikioni, wakitazamana nani kakonda na nani, Mungu ampe haya, kanenepa hata usingizini.

Wa kwanza kutoka alikuwa Bi Mize binti Faki. Kila kiangazi huwa wa kwanza, na kila akitoka husema neno lile lile, hata kama hakuna wa kumsikia ila kunguru: "Haya, dunia ingalipo?" Halafu hujijibu mwenyewe kwa sauti ya kiume, "Ipo, Bi Mize, ilikuwa inakungoja wewe," akacheka mpaka kikohozi kimshike.

Mara hii alicheka kidogo. Kufikia siku ya tatu ya mvua watu arobaini walikuwa wameshatoka, wanakunywa uji, na tuta moja lilikuwa bado zima, halina hata ufa. Lilikuwa la Bi Kazija, mke mwenzake.

"Mwacheni," Bi Mize aliwaambia watu. "Yule hata siku ya harusi yake alichelewa. Bwana harusi akala peke yake."

Alisema hivyo, lakini mara tatu asubuhi ile alipita karibu na lile tuta, na mara zote tatu alijitia anatafuta kuku. Matutani hapakuwa na kuku tangu kiangazi cha nyuma.

Alipokwenda kuchota maji na kurudi, tuta lilikuwa limefukuliwa.

Bi Kazija alikuwa amelazwa bandani juu ya mkeka, baridi kama kibuyu, kifua kinapanda mara moja na kukaa sana kabla ya kushuka. Binti yake Raya alikuwa akimfuta udongo kwenye kope. Pembeni, amepiga magoti, alikuwapo Daktari Thuwaiba, msichana wa Idara ya Akiba aliyetumwa kutoka mjini kuja kuwaamsha watu. Alikuwa na ndala safi na mkoba wa sindano, na alijua majina ya kitaalamu ya kila mmea ambao hakuwahi kuupanda.

"Nani kamfukua huyu?" Bi Mize aliuliza.

"Mimi, bibi. Nimempiga sindano mbili hakuamka. Na kitabu cha Idara kinasema kiazi kikichelewa siku tatu baada ya mvua kifukuliwe, kipate joto na hewa."

"Kiazi."

"Ndiyo, bibi."

"Na huyu ana kiazi?"

Daktari alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo kuku ana mabawa. "Kila mtu hapa ana kiazi, Bi Mize."

Bi Mize aliweka ndoo chini, akainama, magoti yakalia kama mlango wa choo, akaivuta kanga ya Kazija nyongani. Uvimbe ulikuwa pale, mrefu, umenyooka, laini kama shavu la bwana harusi. Hapakuwa na kinundu. Hapakuwa na hata kijicho kimoja. Na kutoka ncha yake ya chini, ndani ya ngozi, ulikuwa umeanza kupanda mstari mwembamba wa buluu, kama wino uliodondokea kitambaa.

"Huu muhogo," alisema. "Mwanangu, mmeng'oa muhogo."

*

Zamani, viangazi vilipoanza kuwa virefu kuliko maghala, Idara ya Akiba ilikwenda kujifunza kwa mwalimu ambaye hakuna aliyewahi kumwamkia: kiazi kikuu. Kiazi kikuu hakikimbii ukame. Mvua zikiwapo, majani yake hupika jua. Yanachokula yanakula, na kinachobaki hukishusha chini kikawa wanga. Ukame ukija, mmea huyaacha majani yafe, unauacha na mtambaa ufe, unabaki kimya ardhini na chakula chake na macho yake. Ukipita juu utasema, masikini, kimekufa. Kumbe kiko chini kinahesabu siku, na siku zikitimia jicho hufumbuka.

Basi watu wakapewa hayo. Kila mtu alipandikizwa utepe wa kijani mgongoni, kutoka kisogoni mpaka kiunoni, huo ndio shina na jani lake. Na kwenye nyonga ya kushoto akapandikizwa kiazi. Miaka ya mvua watu hukaa kwenye ua wa jua, wanawake kwao na wanaume kwao, makuti marefu katikati, migongo wazi, wanajishindilia akiba. Jani likianza kuwa njano mgongoni, unaaga unaowaaga, unaingia tutani. Na kiangazi kikiisha, jicho moja katika kiazi chako hufumbuka, hutoa utomvu wake kwenye damu, nawe unaamka. Jicho moja, kiangazi kimoja. Likishafumbuka halirudi.

Viazi vya kwanza vilikuwa na vinundu kama ngozi ya chura. Cha Bi Mize kilikuwa kibaya kuliko vyote. Alipopita, watoto walidhani kabeba jiwe. Kisha ikaja aina ya pili, mpya, laini, inayobeba wanga mara mbili, na Bi Kazija, ambaye hakuwahi kukipita kitu kipya bila kukipapasa, akaing'ang'ania, akatolewa kile cha zamani, na kiangazi hiki kikawa cha kwanza kulala nayo.

"Angalau baibui litakaa," alisema siku ile uani, akijigeuza huku na huku. "Si wewe, Mize, umekuwa kama gunia la mbata."

"Mimi gunia," Bi Mize alijibu, "lakini gunia lenye macho. Hicho chako kitaonea wapi?"

Wanawake walicheka, na Bi Mize mwenyewe alicheka. Hakujua kwamba ametaja jambo ambalo mjini hakuna aliyelijua. Aina ile ilitokana na muhogo. Kitabuni iliandikwa "kiazi cha nyonga, aina ya pili", kwa kuwa mwandishi aliona vyote vimenenepa, vyote viko chini, vyote vinaliwa. Na walioijaribu walilazwa miezi miwili tu, wakaamshwa kwa sindano, wakapewa chai.

*

"Kiazi kikuu," Bi Mize alisema, akichora udongoni kwa kijiti, "ni shina lililojificha. Kama ni shina, lina macho. Kila jicho ni mmea unaongoja. Muhogo si shina. Ni mzizi umekula ukanenepa. Chakula unacho, macho hauna. Macho ya muhogo yako juu, kwenye mti, na mti wa huyu umekauka mgongoni. Sasa, wewe uliyesoma, mkulima anayetaka kupanda muhogo hupanda nini?"

Daktari Thuwaiba alianza kupekua kitabu cha Idara.

"Hupanda mti," Raya alijibu badala yake, polepole. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, ameshalima.

"Hupanda mti. Ukizika muhogo mtupu utakachovuna ni harufu." Bi Mize alikifuta kile kielelezo kwa kisigino. "Mimi nimeishia darasa la saba, na la saba lenyewe nilikwenda nusu. Lakini hilo halikufunzwa darasani."

"Kwa hiyo mama asingeamka hata tungengoja," alisema Raya.

"Angelala tu. Muhogo ulioachwa ardhini na mti wake hukaa miaka miwili, mitatu, hauna neno. Tungepata wasaa wa kufikiri." Alimtazama Daktari, na mara hii hakutania. "Lakini ukishaung'oa, mwanangu, ni siku mbili. Siku ya kwanza unaanza buluu. Siku ya pili hata mbuzi haugusi."

"Tumrudishe tutani," alisema Daktari. Sauti yake ilikuwa imekuwa ya kitoto.

"Umewahi kuona muhogo uliong'olewa ukazikwa tena, ukarudi kuwa muhogo?"

Daktari alikaa chini kabisa na ndala zake safi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema ingawa alisoma, alisema jambo ambalo hakupendezwa kulisema. Kwenye orodha yake, katika vijiji vingine vya kisiwa, kulikuwa na watu mia tatu wa aina ya pili. Bi Kazija ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamshwa.

"Basi peleka habari sasa hivi wasifukuliwe," Bi Mize alisema. "Wakae walivyo mpaka tuone la huyu."

Daktari alitoa simu yake, akazungumza na mjini, akapandisha sauti, akaishusha, akatukana kidogo. Aliporudi alisema wamekubali kungoja. Hakuna jembe litakalopiga tuta hata moja.

"Sasa la huyu," alisema Raya.

"La huyu ni jicho," alisema Bi Mize. "Ana chakula, hana wa kumwambia kumekucha. Mimi ninayo macho mawili yaliyobaki. Tukate moja tumpe."

*

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kwanza, sheria. Kukata jicho la mtu, alisema Daktari, ni sawa na kumkata mtu. Bi Mize alisema anaijua sheria hiyo, iliandikwa na watu waliodhani kiazi ni sanamu. Kiazi tangu dunia iumbwe ni kitu cha kukatwa, na hakuna mkulima anayepanda kizima ila tajiri au mjinga.

Pili, yeye mwenyewe. "Ukitoa moja utabaki na moja," alisema Daktari. "Kiangazi kijacho utaamka. Kile cha baada yake hutaamka, bibi."

"Kile cha baada yake nitakuwa na miaka tisini kasoro. Nimwamkie nani? Mtanitoa tutani mnionyeshe makaburi."

Lakini la tatu lilikuwa zito, na Daktari alilisema akitazama mikono yake. "Tuliwahi kujaribu kwa panya. Panya mmoja alikatwa jicho la kiazi chake, tukampa mwenziwe aliyelala. Yule mwenziwe aliamka vizuri. Akala. Halafu akaondoka moja kwa moja mpaka kwenye kiota cha yule aliyetoa jicho, mahali ambapo hajafika hata siku moja, akaingia."

Raya aliacha kumfuta mama yake udongo.

Bi Mize alilielewa kabla hajaelezwa, na hakulipenda. Mbegu ni jambo jingine: mbegu ina baba na mama, mtoto hutoka na pua yake. Kiazi hakizai mtoto. Kiazi hujirudia. Kile kiazi kikuu alichokipanda babu yake, kikakatwa na kupandwa, kikakatwa na kupandwa, ndicho hicho hicho alichokuja kukila yeye. Hakikufa hata siku moja wala hakikuzaliwa. Jicho lake likichipua ndani ya Kazija, atakayefumbua macho pale mkekani ni nani?

"Mama mdogo," alisema Raya. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alilelewa katika mapaja yote mawili, akipigwa hapa na kubembelezwa kule. "Nisamehe. Nataka mama yangu. Sitaki mama wadogo wawili. Mmoja ananitosha, na siku nyingine ananizidi."

"Hujakosea," alisema Bi Mize.

"Akifa kesho atakuwa kafa yeye. Nitamlilia yeye. Lakini akiamka akanitazama kwa sura ya mama, ndani uko wewe, nitamlilia nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza Matutani kumwona Bi Mize hana jibu, na mtu au wawili waliokuwa wakisikiliza nyuma ya makuti walisogea ili walione vizuri.

*

Alikwenda kukaa ukingoni mwa lile tuta lililofukuliwa, miguu ndani ya shimo.

Wameishi wake wenza miaka thelathini na minne. Mume wao, marehemu Khatibu, alikuwa mtu wa maneno machache na wali mwingi, na ule wali aliokuwa akiusifu ni wa Kazija. Mize alivumilia sifa hizo miaka mitatu. Mwaka wa nne, mbuzi ya Kazija ya kukunia nazi ilipotea. Ilikuwa mbuzi nzuri, meno yake makali, aliyoachiwa na mama yake mzazi. Ilitafutwa kila pahala. Mize mwenyewe ndiye aliyetafuta kwa bidii kuliko wote, akiingia mpaka uvunguni, na kila jioni akipita jikoni kwa mwenzake na kumuuliza kwa upole, "Mbona wali wako siku hizi mkavu, mke mwenzangu?"

Hakuwahi kumwambia mtu. Kwanza alinyamaza kwa raha, halafu kwa haya, halafu kwa mazoea. Khatibu akafa. Minazi ikafa. Mbuzi ikabaki ilipo.

Alijaribu kumfikiria Kazija mpya. Kazija anayecheka vichekesho vyake kabla havijaisha. Kazija anayekubali kwamba kanga ya njano haimpendezi. Kazija asiyekuwa na kinyongo, kwa kuwa kinyongo kizima angekitazama kutoka upande wa Mize, na upande wa Mize siku zote Mize alikuwa na haki. Wangekaa uani mchana kutwa, vizee viwili, wanakubaliana.

Alijikuta anatabasamu, na tabasamu lile likamtisha. Alitoa miguu shimoni kwa haraka, kama mtu aliyeguswa na kitu.

Alirudi bandani, akasimama mbele ya Daktari.

"Yule panya. Alipoingia kwenye kile kiota, alifanya nini?"

"Alifanya nini vipi?"

"Alilala kama kwake? Alipigana na mwenyewe? Alinusa akatoka? Alifanya nini?"

Daktari alifikiri. Uso ulimbadilika. "Hatukuandika, bibi. Tulipomwona ameingia tukafunga daftari."

"Mkafunga daftari." Bi Mize alitikisa kichwa. "Mimi jiko la Kazija nalijua. Naweza kuingia nimefumba macho nikakuletea chumvi. Lakini nikiingia sikai, maana hanipi hata kigoda. Kujua njia ya nyumba ya mtu si kuwa mwenye nyumba." Kisha akamgeukia Raya, na sauti ikashuka. "Huenda nakosea, mwanangu. Sikufichi. Huenda akaamka na vitu vyangu. Mwenye kusema ndiyo au hapana ni wewe, si mimi, wala si kitabu."

Raya alimtazama mama yake. Mstari wa buluu ulikuwa umefika katikati ya uvimbe.

"Akiamka akiwa wewe," alisema mwisho, "nitajuaje? Wewe ni mjanja. Utaweza kunidanganya. Yeye pia ataweza."

"Ni rahisi. Akiamka akanipenda, ujue mama yako hayupo."

Raya alicheka na kulia kwa pamoja, jambo linalomharibu mtu sura sana, akasema, "Kateni."

*

Daktari alipaka dawa ya ganzi, akaelekeza kisu kwenye mkia wa kiazi, chini kabisa, ambako alidhani hapataumiza.

"Siyo huko," alisema Bi Mize, aliyekuwa amelala ubavu, anajitazama nyonga. "Mkiani kuna nyama, hakuna macho yenye haraka. Kichwani. Kichwa cha kiazi ndiko kilikoshikana na shina, na ndiko kunakoamka kwanza. Hapo. Lile la kulia. La kushoto niachie, nimelizoea."

Daktari alisogeza kisu kichwani.

"Na usilichonge kama unatoa sisimizi kwenye chapati. Chukua na nyama, kidole kizima. Jicho likiamka bila chakula litakula nini, sheria?"

Kisu kikaingia. Bi Mize hakusikia maumivu. Alisikia kitu kama jina lililokuwa kwenye ncha ya ulimi likaondoka bila kuaga. Alipotazama, Daktari alikuwa ameshika kiganjani kipande cha kahawia na cheupe, kinatoa ute, na juu yake kinundu kimoja kibaya kama chura.

"Majivu," alisema Bi Mize.

"Dawa ya kuzuia—"

"Majivu kwanza, dawa yako baadaye. Kote kuwili, kwangu na kwenye kipande. Jeraha la kiazi lisipokaushwa linaoza, na likioza linakula mpaka kichwani."

Raya alileta majivu ya jikoni, yaliyochekechwa. Walipaka. Wakangoja mpaka lile jeraha likafanya utando mkavu. Daktari akakichukua kipande, akasogea kwenye nyonga ya Kazija, na kwa mara ya pili Bi Mize akamzuia, na kwa mara ya pili alikuwa na haki, jambo ambalo alilifurahia kuliko ilivyofaa mahali pale.

"Nyongani unapanda jicho juu ya mzizi. Mzizi haujui la kufanya nalo. Mgeuzeni kifudifudi. Muhogo huamkia kwenye mti."

Walimgeuza. Pale kisogoni, ambapo utepe wake wa kijani ulianzia, sasa umekauka kama kamba ya zamani, Daktari alipasua kidogo, akakitia kile kipande, akafunga. Jicho la kiazi kikuu kwenye shina la muhogo. Hakuna kitabu kilichokuwa na ukurasa wa jambo hilo. Daktari Thuwaiba alifungua daftari lake, akaandika saa.

*

Siku ya pili mchana mstari wa buluu ulikuwa umesimama, vidole viwili chini ya mbavu. Ulisimama tu, haukushuka. Alasiri ulianza kufifia. Mvua nyepesi ilikuwa ikipiga makuti, na Bi Mize alikuwa ameketi kwenye kigoda, nyonga imefungwa kitambaa, anachambua mchele asiouona.

Kidole cha Kazija kilicheza. Halafu koo. Raya alimwinua kichwa, akamwekea mapajani.

Bi Kazija alifumbua macho. Aliyatazama makuti, akalamba midomo, na kwa sauti ya mtu aliyemeza mchanga akasema:

"Haya. Dunia ingalipo?"

Raya aliweka kiganja mdomoni. Mchele ukamwagika. Daktari Thuwaiba, ambaye alikuwa ameshasimuliwa na kijiji kizima habari za neno hilo la Bi Mize, alishusha kalamu yake pole pole na kushika jalada la daftari.

"Usifunge, mwanangu," Bi Mize alisema. "Panya ndiyo kwanza kafika."

Bi Kazija aligeuza kichwa kumfuata mwenye sauti. Macho yake yalimkuta Mize, yakamtulia usoni. Yalikaa hapo. Kisha, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka thelathini na minne, alinyoosha mkono.

"Mize," alisema kwa upole. "Njoo."

Bi Mize hakumtazama Raya, asingeweza. Alisogea na kigoda chake, akatoa mkono. Kazija akaushika. Kiganja chake kilikuwa na joto la mtu aliye hai. Aliushika vizuri, kama mtu anavyomshika ndugu, na nyusi zikamkunjamana. Alikuwa akitazama kitu kilicho mbali, ndani.

"Mbuzi yangu," alisema. "Iko chini ya kile kinu kibovu, nyuma ya banda la kuku la marehemu. Imefungwa kwenye gunia."

Raya alimgeukia Bi Mize.

"Naiona mikono inafukia. Ina haraka, mikono hiyo. Inacheka. Umewahi kuona mikono inayocheka?" Upole ulimtoka usoni polepole, kama maji yanavyoshuka mtungini. "Ina bangili. Bangili mbili za shaba, moja imepinda."

Bi Mize alitazama bangili zake. Moja ilikuwa imepinda.

Kucha za Kazija zikaingia kwenye kiganja chake.

"Miaka thelathini," alisema Bi Kazija, na sauti ilikuwa inapanda, inajikung'uta mchanga, inajipatia meno yake ya zamani. "Miaka thelathini nakuna nazi kwa kipande cha bati. Nakuna na vidole vyangu. Na wewe unasimama mlangoni, unaniuliza mbona wali mkavu. Roho yako ni kata iliyotoboka, Mize, kila kizuri kinapita, hubakiwi na kitu ila takataka. Ulizaliwa siku ambayo hata paka walikataa kulia. Raya, mwanangu, nenda kaniletee mbuzi yangu. Na huyu asiondoke hapa, bado sijaanza."

Raya alikwenda mbio mvuani, huku analia, huku anacheka. Walimsikia akiviringisha kinu.

"Umemsikia?" Bi Mize alimnong'oneza Daktari, machozi yanamtiririka. "Andika. Andika kila neno, wale mia tatu wanangoja."

Na Bi Kazija alipoanza, alianza kweli. Bi Mize alikaa pale kwenye kigoda chake, mkono wake umeshikwa kwa kucha, akayasikiliza matusi yale moja baada ya jingine, akayapima kila moja kama mtu anayenunua kitambaa, na hakukuta hata moja ambalo angeweza kulitunga yeye.